Hasheem Hakushindwa



Usiku wa Alhamisi, tarehe 25 Juni 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, kamishna wa ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, alikuwa akitangaza majina ya vijana waliochaguliwa na timu za ligi hiyo. Jina la pili kutamkwa lilikuwa la mtoto wa Dar es Salaam. Huku kwetu ulikuwa usiku mkubwa wa kuamkia Ijumaa, watu wamelala. Tulipoamka, habari iliyotanda redioni ilikuwa ya kifo cha mwimbaji Michael Jackson, aliyefariki siku hiyo hiyo, na habari ya kijana wetu ikapita pembeni kama mgeni asiye na mwenyeji. Hata hivyo ilikuwa kubwa. Hasheem Thabeet, ambaye sisi tungemwandika Hashim Thabit, alikuwa amechaguliwa na Memphis Grizzlies, na akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA.

Leo ukilitaja jina lake barazani, Ngamiani au Chumbageni, hutakosa mtu wa kucheka. Watasema alipewa dunia akaiangusha. Wamarekani nao wanalo daftari lao la wachezaji waliochaguliwa juu wakaanguka, na jina lake halikosi humo, kwa sababu aliyeitwa wa tatu usiku ule alikuwa James Harden na wa saba alikuwa Stephen Curry. Mimi sikubaliani na kicheko hicho. Nimeona niandike juu yake katika ukurasa huu wa familia, wala si wa michezo, kwa kuwa maswali yaliyomo ndani ya maisha yake ya mpira ni maswali ya wazazi. Hapa Tanga mawakala wameanza kugonga milango.

Tuanze na mwanzo wake. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alisoma Makongo, shule inayojulikana nchini kwa kulea wanamichezo. Mpira wa kikapu aliushika akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Jambo hili tulikumbuke, maana ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Wenzake aliokuja kushindana nao Marekani walikuwa na mpira mkononi tangu wakiwa na miaka sita au saba, wana makocha, wana viwanja vya ndani, wana mashindano ya kila mwisho wa wiki. Yeye alikuwa na urefu. Alipokamilika alifika futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21, na urefu huo ndio uliomvukisha bahari akiwa bado kijana wa sekondari.

Huko Marekani hakutulia mara moja. Alipita zaidi ya shule moja kabla ya kumalizia sekondari Houston, Texas, katika shule ya Kikristo iitwayo Cypress Community Christian School. Najua baadhi ya wasomaji wamesita hapa. Nitalirudia jambo hilo mbele, kwa kuwa ni la kuzungumzwa na si la kupitwa.

Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, mtu mkali ambaye tayari alikuwa amekipa chuo hicho ubingwa wa taifa mara mbili, mwaka 1999 na 2004. Mwaka wa kwanza kijana alikuwa bado mbichi. Alifunga wastani wa pointi 6 kwa mechi, na kazi yake kubwa ilikuwa kusimama chini ya chuma na kuinua mikono. Mwaka wa pili makocha wa vyuo walimtaja kuwa mchezaji bora wa ulinzi nchini Marekani. Mwaka wa tatu wakamtaja tena. Msimu ule wa tatu alifikia wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8, yaani mipira inayogonga chuma na kurudi, na mipira 4.2 aliyoizima hewani katika kila mechi. Katika mechi moja dhidi ya chuo cha Providence alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzima mipira 10. Timu ikafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, Aprili 2009, mbele ya watu zaidi ya 72,000, ikafungwa na Michigan State.

Mzazi atazame mwendo huo vizuri. Katika miaka mitatu kijana alitoka pointi 6 hadi 13, kutoka mgeni hadi mchezaji anayeogopwa. Kilichofanya kazi hiyo ni muda. Chuo kilimpa mahali pa kulala, chakula, darasa, kocha mmoja asiyebadilika, na ruhusa ya kukosea leo na kurudi uwanjani kesho. Ligi ya kulipwa haitoi ruhusa hiyo.

Hata chuoni dalili zilikuwepo. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ilikutana na Pittsburgh. Pittsburgh ilikuwa na kijana aitwaye DeJuan Blair, mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi lakini mnene, mwenye nguvu za mpagazi wa bandarini. Katika kugombea mpira, Blair alimnasa mkono Hasheem, akamgeuza juu ya bega lake na kumtua sakafuni kama gunia. Usiku ule Blair alichukua ribaundi 23 na timu yake ikashinda. Mwisho wa msimu wote wawili walipewa kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora wa kundi lao la vyuo. Aliyetazama kwa makini aliona kwamba urefu wa kijana wetu ulikuwa umemfikisha mbali, ila mwili na maarifa ya mchezo bado vilihitaji mwaka mmoja au miwili.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa chuo. Hakuusubiri. Akajiandikisha katika uteuzi wa NBA.

Je, alikosea? Ni rahisi kusema ndiyo ukiwa umekaa juu ya mkeka na kikombe cha kahawa. Mkataba wa kwanza wa mchezaji wa nafasi ya pili mwaka ule ulizidi dola milioni 4 kwa msimu mmoja, na miaka miwili ya mwanzo ililipwa hata kama mchezaji angekaa benchi. Angebaki chuoni akavunjika goti, kesho yake asingebaki hata wa kumpigia simu. Mimi sina ujasiri wa kumlaumu kijana wa miaka 22, mwenye familia Dar es Salaam, kwa kuchukua fedha iliyo mezani. Ninachosema ni kwamba bei aliilipa, na bei yenyewe ilikuwa ule muda.

Memphis walikuwa na Marc Gasol katikati na Zach Randolph pembeni yake, wanaume waliokomaa. Hasheem alicheza dakika 13 kwa mechi na kufunga wastani wa pointi 3.1. Februari 2010, miezi minane tu baada ya ule usiku wa New York, timu ilimpeleka Dakota Wizards, katika ligi ndogo ya kukuza wachezaji. Wakati ule hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Magazeti yakaandika kwa kejeli. Kushushwa kwenyewe kulikuwa na mantiki, kwa sababu huko angalau angecheza dakika nyingi, lakini kwa kijana aliyeondoka nyumbani akishangiliwa, ni nani atakayemweleza mantiki?

Februari 2011 akabadilishwa kwenda Houston. Machi 2012 akabadilishwa tena kwenda Portland. Neno hili, kubadilishwa, wazazi walielewe. Katika mpira wa miguu mchezaji akihama huulizwa, naye hukubali au hukataa. Katika NBA mkataba ni mali ya timu, na timu ikiamua kuubadilisha na mkataba wa mtu mwingine, mchezaji hupigiwa simu na kuambiwa afunge mizigo. Jioni anafanya mazoezi katika mji ambao asubuhi hakuujua kwa macho. Baada ya Portland alisaini Oklahoma City, akacheza huko hadi 2014 pamoja na Kevin Durant na Russell Westbrook, na huko ndiko alikoonekana kupumua kidogo. Kisha mlango ukafungwa. Jumla ya mechi zake za NBA ni 224.

Kabla hatujamfuata alikokwenda baadaye, nataka nimlete mtu mwingine, kwa sababu najua atakayesema, "Hasheem alikuwa mrefu asiyejua mpira. Mwanangu ni mfupi, anajua." Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, katika jengo lile lile la Madison Square Garden, Connecticut ilicheza na Syracuse mechi ambayo haikutaka kwisha. Muda wa kawaida ulimalizika sare, ukaongezwa mara sita. Iliisha baada ya saa saba usiku, Syracuse pointi 127, Connecticut 117. Mpanga mchezo wa Syracuse, yule anayepandisha mpira na kuamua nani apewe, alikuwa kijana mfupi kwa kipimo cha huko, Jonny Flynn. Alicheza dakika 67 kati ya 70 na kufunga pointi 34. Huyu hakuwa na urefu wa kumbeba. Alikuwa na mikono, mapafu na akili.

Naye aliondoka chuoni mapema, baada ya miaka miwili. Alichaguliwa wa sita katika uteuzi ule ule, nafasi moja mbele ya Stephen Curry. Mwaka wa kwanza alifanya vizuri Minnesota, wastani wa pointi 13.5. Kiangazi kilichofuata nyonga ikaharibika, akafanyiwa upasuaji, na kasi yake haikurudi ilivyokuwa. Akapelekwa Houston. Hapo akamkuta nani? Hasheem Thabeet. Na ilipofika Machi 2012, wote wawili, wa nafasi ya pili na wa nafasi ya sita, walitolewa pamoja na kupelekwa Portland ili Houston impate mkongwe mmoja aliyeitwa Marcus Camby. Mwaka huo huo Flynn alikuwa Australia akichezea Melbourne Tigers, na baadaye akaenda Italia. Mmoja mrefu kuliko mlango, mwingine wa kimo cha watu. Mmoja alichelewa kuanza mpira, mwingine alikulia ndani yake. Miaka mitatu baada ya usiku wa majina yao, walikuwa mizigo miwili katika biashara moja. Ndiyo maana kicheko cha barazani hakinipendezi. Kinafanya kana kwamba kosa lilikuwa la mtu, ilhali kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Sasa tumfuate Hasheem. Baada ya NBA alicheza tena ligi ndogo ya Marekani. Msimu wa 2017 hadi 2018 alikuwa Japani na Yokohama B-Corsairs. Akarudi Marekani kwa muda, na mwaka 2020 akaenda Taiwan kuchezea timu ya mji wa Hsinchu. Huko alikuwa na miaka 33, umri ambao wacheshi wa baraza walikuwa wamekwisha kumzika kimichezo, naye bado analipwa kwa kazi ya mikono yake. Kwetu tunawasifu mabaharia waliozunguka bandari za dunia wakirudi na mshahara wa halali. Sioni tofauti kubwa.

Lakini maisha hayo ya ng'ambo yana sura yake, na kijana anayeyatamani ayajue. Mikataba mingi ni ya msimu mmoja, miezi minane au tisa. Timu za Asia na za Ulaya huwekewa idadi ya wageni, wawili au watatu hivi, kwa hiyo mgeni hasamehewi mechi mbaya. Akiumia, yupo mwingine anasubiri tiketi. Timu hutoa nyumba na mara nyingine gari, lakini lugha, upweke na chakula ni juu yake. Ni kazi ya heshima, ila haimtunzi mtu uzeeni. Mchezaji akifika miaka 35, ulimwengu humwuliza swali ambalo mpira haumsaidii kulijibu: una ujuzi gani mwingine?

Wapo waliopita njia nyingine. Bismack Biyombo ni mzaliwa wa Lubumbashi, mji wa Waswahili wenzetu upande wa Kongo. Yeye hakupitia chuo cha Marekani hata siku moja. Akiwa na miaka 16 alikuwa katika mashindano nchini Yemen, kocha Mreno akamwona, akampeleka Hispania akakulia katika klabu za huko. Mwaka 2011 alichaguliwa wa saba NBA na amedumu huko kwa zaidi ya miaka kumi. Baba yake alipofariki mwaka 2021, Biyombo alitangaza kutoa mshahara wake wote wa msimu ule, zaidi ya dola milioni moja, ili ijengwe hospitali nchini kwao kwa jina la baba. Habari njema, na Mungu amzidishie. Lakini kwa kila Biyombo mmoja klabu za Ulaya zimepitisha watoto wengi ambao hawakusoma shule wala hawakuwa wachezaji. Kwa familia za uwezo wetu, mimi bado naiona njia ya chuo kuwa na sakafu chini yake, maana mpira ukikataa, darasa lipo.

Wiki chache zilizopita mama mmoja wa Makorora alinijia na karatasi. Mwanawe yuko kidato cha tatu, ana urefu wa sentimita 185, anacheza nafasi ile ile ya kupanga mchezo, na alionekana katika mashindano ya UMISSETA. Mtu amempigia simu akamwambia kijana amepata ufadhili wa masomo Marekani, ila zinatakiwa shilingi milioni tatu za "kufungua faili", zitumwe kwa simu kabla ya Jumamosi.

"Maalim," akaniambia, "nimeuza cherehani moja. Niuze na ya pili?"

Nilimwomba asiuze. Kisha tukakaa na ile karatasi. Haikuwa na jina la chuo. Ilikuwa na bendera ya Marekani, picha ya mpira na namba ya simu.

Ufadhili wa kweli hutoka kwa chuo chenyewe, kwa maandishi, ukiwa na jina la chuo, jina la kocha na orodha ya kinacholipwa. Vyuo vya daraja la kwanza katika michezo hulipa ada, malazi, chakula na vitabu. Vya daraja la pili mara nyingi hulipa sehemu tu, na inayobaki ni ya mzazi. Vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa, ingawa vinaweza kutoa wa masomo au wa kipato. Kwa hiyo mtu akikuambia "ufadhili" bila kusema chuo gani na daraja gani, hajakuambia kitu. Vipo pia vyuo vya miaka miwili, ambavyo vijana wengi wa Afrika hupitia kwanza kisha wakahamia vyuo vikubwa. Hiyo si aibu, na kwa kijana aliyeanza mpira kwa kuchelewa inaweza kuwa ndiyo njia ya busara, kwani inampa ule muda niliousema.

Chuo kikishamkubali kijana, humpelekea fomu iitwayo I-20. Bila fomu hiyo hakuna viza ya mwanafunzi. Zipo ada za serikali ya Marekani, na hulipwa kwa serikali hiyo kupitia njia zake rasmi, si kwa mtu mwenye laini ya simu. Masharti ya viza kwa Watanzania nayo hubadilika, hivyo yasomwe kwenye ukurasa wa ubalozi wakati huo huo wa kuomba, yasichukuliwe kwa jirani aliyesafiri zamani. Na jambo ambalo mawakala hawalisemi ni matokeo ya darasani. Chama cha michezo ya vyuo cha Marekani hukagua vyeti vya sekondari vya kila mgeni, hasa Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kijana mwenye mikono ya dhahabu na sifuri ya hesabu atabaki Tanga na mikono yake. Mama yule nilimwambia milioni tatu hizo, kama zipo, zilipe masomo ya ziada ya hesabu, na zitabaki za kushona nguo ya Idi.

Hatari si ya fedha peke yake. Mwaka 2018, huko Charlotte, North Carolina, mkuu wa shule moja binafsi alikiri mahakamani kwamba alipokea malipo ili kuandika kuwa vijana wa kigeni wanasoma shuleni kwake, hali hawakuwa wakisoma hapo. Vijana hao waliletwa kwa ajili ya michezo. Mzazi huku ana karatasi yenye muhuri, mtoto kule halali anapodhaniwa kulala wala hasomi anapodhaniwa kusoma. Akikutwa, mwenye makosa ya viza ni yeye. Kwa hiyo jina la shule likishajulikana, mtu apige simu shuleni moja kwa moja, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, aulize kama mwanawe anatambulika. Kiingereza kikiwa kigumu, mwalimu wa shule atasaidia, na hakuna mwalimu wa kweli atakayekataa.

Nirudi kwenye ile shule ya Kikristo ya Houston. Shule nyingi za sekondari zinazopokea wachezaji wa kigeni Marekani ni za binafsi, na nyingi kati ya hizo ni za makanisa, kwa sababu sheria ya huko huibana sana nafasi ya mwanafunzi wa kigeni katika shule za serikali: mwaka mmoja tu, na kwa gharama yake mwenyewe. Kwa hiyo swali hili litamfikia karibu kila mzazi Mwislamu wa mchezaji. Wapo watakaosema hapana moja kwa moja, na ni haki yao. Wapo watakaokubali. Anayekubali aulize kabla: je, ibada za asubuhi ni lazima? Kijana ataruhusiwa kwenda Ijumaa, na msikiti uko umbali gani? Jikoni kuna nini? Houston, kwa mfano, ni mji wenye misikiti mingi na Waislamu wengi. Ipo miji midogo ambayo msikiti wa karibu uko mwendo wa saa mbili kwa gari, na kijana wa miaka 17 hana gari.

Kuna baba mmoja aliyeniuliza juu ya saumu, akiamini kwamba mpira wa Marekani na Ramadhani haviwezi kukaa nyumba moja. Houston hiyo hiyo ina jibu lake. Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyecheza Chuo Kikuu cha Houston kisha timu ya Houston Rockets, akaipa ubingwa mwaka 1994 na 1995, alikuwa akifunga mwezi wote na kucheza mechi za usiku, nyingine zikianza kabla hajafuturu. Ramadhani ya mwaka 1995 iliangukia karibu Februari nzima. Mwisho wa mwezi ule ligi ilimtangaza kuwa mchezaji bora wa mwezi.

Olajuwon alikuwa mtu mzima mwenye sauti katika timu yake. Kijana mgeni wa miaka 18 hana sauti hiyo, na miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, ambayo ndiyo kilele cha msimu wa vyuo, timu inasafiri kila wiki na mashindano ya taifa yanachezwa. Ruhusa ya msafiri ipo na masharti yake kijana ayajue kwa shekhe wake kabla hajapanda ndege. Na kocha anayemtaka aulizwe waziwazi katika mazungumzo ya kwanza, pale anapokuwa bado anabembeleza: daku italetwa na nani, na mazoezi ya mchana yatapunguzwa au la? Makocha wengi wamekwisha kuwa na wachezaji Waislamu na wana majibu tayari. Majibu hayo yaombwe kwa maandishi, yawekwe pamoja na ile fomu ya I-20.